Doa linalorudi palepale kila ukimeza diclofenac

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni fundi ujenzi, umri wangu miaka 41, na mgongo unanisumbua tangu mwaka juzi. Nikibanwa nanunua diclofenac duka la dawa, vidonge sita au kumi. Safari ya tatu au ya nne kuzitumia lilinitoka doa la duara kwenye mdomo wa chini, likawasha, likaunguza, likatoa lengelenge, kisha likakauka na kubaki jeusi. Tangu hapo nikimeza asubuhi, kabla ya saa nane mchana doa limeshaamka palepale. Sasa yameongezeka mawili: moja nyuma ya kiganja cha kushoto, jingine kwenye kichwa cha uume. Nimepewa dawa ya fangasi mara mbili, nimechomwa sindano za kaswende bila kupimwa, na nyumbani mke wangu hanielewi tena. Dukani wananiambia ninywe diclofenac pamoja na Piriton, au nihamie Brufen au meloxicam. Nishike lipi?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana. Neno lililobeba uzito katika swali lako ni "palepale". Kaswende haijui saa uliyomeza kidonge, na fangasi haisubiri diclofenac ndipo iamke. Doa la duara lenye mpaka unaoonekana wazi, linalowasha na kuunguza saa chache baada ya dawa, likapona na kuacha weusi, kisha dawa ikirudi nalo likarudi mahali lilipoanzia, hiyo ni alama ya dawa. Kwa jinsi ulivyoeleza, mshukiwa wa kwanza ni diclofenac au kitu kingine kilichochanganywa ndani ya kidonge kile.

Kwa kifupi: usimeze tena diclofenac, hata nusu kidonge, hata ukiwa na Piriton mkononi. Meloxicam usijaribu kabisa kwa kujipimia mwenyewe. Brufen inaweza kukufaa, ila kidonge cha kwanza kisimezwe nyumbani. Majina ya dawa nimeyaandika kama yalivyochapwa kwenye pakiti, ili uyalinganishe herufi kwa herufi ukiwa dukani.

Tatizo lako si geni. Mwaka 1889 daktari aitwaye Bourns alieleza mgonjwa aliyetokwa na madoa meusi yenye mpaka mkali mdomoni na kwenye ulimi baada ya kumeza antipyrine, dawa ya maumivu na homa ya enzi hizo. Miaka mitano baadaye, 1894, Mfaransa Brocq akayapa madoa hayo jina, na neno alilochagua lina maana ya kitu kisichohama; kwa Kiingereza leo utaona yameandikwa "fixed drug eruption". Tangu hapo orodha ya dawa zinazoyaleta imerefuka, na za maumivu hazijawahi kutoka humo.

Kinachotokea ni hiki. Doa linapotoka mara ya kwanza, seli za kinga zilizokuja kupigana mahali pale haziondoki zote. Baadhi zinabaki ndani ya tabaka la juu la ngozi, kama walinzi walioachwa lindoni vita vikiwa vimekwisha. Ukimeza dawa ileile tena, damu inaisambaza mwili mzima, lakini walinzi wanaoitambua wako pale mdomoni, pale mkononi na pale uumeni tu. Wanaamka, wanashambulia seli za ngozi zilizo jirani, na ndani ya nusu saa hadi saa nane hivi unaanza kusikia moto. Mara ya kwanza kabisa huchukua muda mrefu zaidi, pengine wiki moja au mbili, kwa sababu mwili unakuwa bado unajifunza. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi doa la kwanza na dawa. Kidonge kilikwisha wiki iliyopita, nani atakishuku? Wengine husema wametambaliwa na buibui usiku.

Weusi nao una maelezo yake. Seli za juu zinapokufa, rangi iliyokuwa ndani yake inadondokea tabaka la chini na kunaswa huko. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi rangi hiyo ni nyingi, basi doa linabaki jeusi au la kijivujivu kwa miezi, na likichochewa mara kwa mara huenda lisifutike kabisa. Nalisema mapema ili nikuokoe pesa: krimu za kung'arisha, mkorogo na sabuni za kuondoa madoa hazifiki rangi ilipolala. Zinachubua ngozi nzima ya juu, doa linabaki, na baadhi yake zina zebaki au steroidi kali. Kinachofifisha doa ni muda bila dawa iliyolileta.

Sasa Piriton. Ushauri huu unatolewa kwa nia njema, na nauona una hatari. Piriton na cetirizine huzuia histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe wa ghafla, ule unaofanya mtu aonekane kama amepita kwenye upupu. Madoa yako hayaendeshwi na histamini, yanaendeshwa na seli. Piriton itapunguza mwasho kidogo na kukuletea usingizi, jambo la hatari kwa mtu anayepanda jukwaa la ujenzi, huku ngozi ikiendelea kuungua chini kwa chini. Na kila unaporudia, madoa yanakua, mapya yanaongezeka, malengelenge yanakuwa makubwa. Wewe mwenyewe umeshatoka doa moja hadi matatu. Wachache hufika mahali ambapo madoa yanatapakaa mwili mzima na ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeunguzwa na maji ya moto, na hapo mtu anahitaji kulazwa.

Kabla hatujailaumu diclofenac peke yake, tuhakikishe ulikuwa unameza nini hasa. Duka nyingi zinakata karatasi ya vidonge kwa mkasi. Wewe unapata nusu yenye vidonge sita, jina la dawa limebaki kwenye nusu aliyopewa mwenzako. Au unatiliwa kwenye bahasha ndogo iliyoandikwa "1×3" na hakuna kingine. Na "diclofenac" ya mdomoni mara nyingi si diclofenac tupu. Zipo karatasi zenye diclofenac 50 mg na paracetamol 500 mg katika kidonge kimoja, na nyingine zimeongezewa chlorzoxazone ya kulegeza misuli. Hili ni la msingi kwako, kwa sababu paracetamol nayo huleta madoa ya aina hii kwa baadhi ya watu. Ukiwa ulikuwa unameza mchanganyiko, hatuwezi bado kusema paracetamol ni salama kwako. Hebu jiulize: umewahi kumeza Panadol peke yake, kwa kichwa au homa, tangu madoa yaanze? Kama ndiyo, na madoa yalilala kimya, hiyo ni habari njema na uiseme kwa daktari. Kama hukumbuki, ichukulie kuwa haijathibitishwa.

Kaa chini na kalamu, uandike kila dawa uliyoitumia siku mbili kabla ya kila doa kuamka. Usiishie za mgongo. Waulize na walio nyumbani. Washukiwa wakubwa nje ya dawa za maumivu ni Septrin, SP ya malaria, doxycycline, metronidazole na tinidazole, ciprofloxacin, na hata fluconazole, kidonge cha fangasi ambacho huenda ndicho ulichopewa. Nimelitaja hilo makusudi: mtu mwenye madoa ya dawa anapewa dawa nyingine yenye tabia hiyohiyo ili kutibu fangasi ambayo hana. Kama kuna safari madoa yaliamka ukiwa umemeza diclofenac na Septrin pamoja, na safari nyingine diclofenac peke yake, tayari umeshapata jibu bila kipimo cha maabara. Hakuna kipimo cha damu kinachoonesha ugonjwa huu, kwa hiyo asikutoze mtu hela ya "kipimo cha aleji" kwa ajili ya hili. Kliniki kubwa za ngozi zinaweza kubandika dawa juu ya doa la zamani kwa saa 24 na kuangalia kama litaamka, au kukumezesha dozi ndogo chini ya uangalizi.

Kuna mtego mmoja unaowapoteza wengi. Baada ya doa kuamka, mahali pale huweza kuchoka kwa wiki kadhaa, na ukimeza dawa katika kipindi hicho hakuna kinachotokea. Mtu anafurahi: "Kumbe haikuwa diclofenac!" Mwezi wa pili anameza tena, doa linalipuka kuliko mwanzo. Kwa hiyo kimya cha wiki mbili tatu hakiisafishi dawa. Ndiyo sababu majaribio hospitalini hungoja angalau wiki nne baada ya madoa kupoa.

Turudi kwenye kubadilisha dawa. Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zimegawanyika kiukoo, kila ukoo na ndugu zake, na kwa madoa ya aina yako mwili huchukia ukoo zaidi kuliko jamii nzima. Diclofenac na aceclofenac ni ndugu wa karibu sana. Iliyokudhuru ikiwa diclofenac, aceclofenac nayo ifute, na mimi ningeweka indomethacin na ketorolac upande huohuo hadi mtaalamu aseme vingine. Ibuprofen, ambayo ndiyo Brufen, iko na naproxen na ketoprofen. Meloxicam iko na piroxicam na tenoxicam. Aspirin ina ukoo wake. Kwa hiyo kimantiki aliyekutajia Brufen hakukosea sana: aliyedhurika na diclofenac mara nyingi huivumilia ibuprofen. Ila "mara nyingi" si "daima". Ijaribiwe kituoni, baada ya wiki nne za utulivu, kuanzia kipande kidogo cha dozi, unangojewa, kisha dozi kamili siku nyingine. Na mpimaji ajue kwanza kama una vidonda vya tumbo, figo, presha au pumu, kwa sababu ibuprofen ina ugomvi na vyote hivyo.

Meloxicam sikushauri, na sababu si madoa yako peke yake. Ukoo wake, hasa piroxicam, ndio unaohusishwa zaidi katika jamii hii ya dawa na upele mbaya kuliko wote, ule ulioelezwa na Stevens na Johnson kule New York mwaka 1922 kwa watoto wawili wa kiume. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilibana piroxicam: isiwe dawa ya kuanzia, isizidi 20 mg kwa siku, mgonjwa aangaliwe upya ndani ya siku 14. Ngozi ilikuwa mojawapo ya sababu, pamoja na kutokwa damu tumboni. Kingine ni jinsi zinavyokaa mwilini. Nusu ya diclofenac huondoka kwenye damu ndani ya saa mbili hivi. Nusu ya piroxicam inahitaji takriban saa 50, maana yake upele ukianza leo dawa bado imo kwa siku kumi mbele. Upele huo ni nadra sana, na watu wengi wanatumia meloxicam bila shida. Lakini mtu ambaye ngozi yake imeshaonesha kugombana na dawa za maumivu asianzie hapo, na asianzie peke yake.

Usidanganyike na njia ya mkato ya sindano au ya kupaka. Sindano ya diclofenac 75 mg kwenye tako ni dawa ileile, inafika haraka zaidi. Jeli ya diclofenac inaingia mwilini kidogo, lakini kidogo hicho kinaweza kuwaamsha walinzi wale. Jeli ya ketoprofen ina kasoro yake nyingine: ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua huweza kutoa malengelenge, hata wiki mbili baada ya kuacha kupaka, na wewe kazi yako ni juani. Ogopa pia dawa za "asili" za mgongo na viungo ambazo zinaleta nafuu ya ajabu ndani ya saa moja. Zimeshakutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa kisirisiri na diclofenac, dexamethasone au phenylbutazone. Doa lako likiamka baada ya kunywa mchanganyiko wa mitishamba, ngozi yako imeshakupa majibu ya maabara.

Kutibu madoa yaliyopo si kazi kubwa. Doa la mkononi likiwa limeamka na halijapasuka, paka krimu ya betamethasone 0.1% kiasi chembamba, mara moja au mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, halafu uache. Mdomoni na uumeni ngozi ni laini, betamethasone ni kali mno huko. Tumia hydrocortisone 1% kwa siku 5 hadi 7. Lengelenge likiwa limepasuka, usipake steroidi juu ya kidonda kibichi: osha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini isiyo na manukato, na la mkononi lifunike kwa gozi ukiwa kazini, kwa sababu saruji ikigusa kidonda utajuta. Epuka spiriti, dettol isiyozimuliwa, majivu, dawa ya meno na maji ya betri. Vyote hivyo watu wanavitumia na vyote vinaongeza kidonda. Epuka pia zile krimu zenye steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja. Zinapendwa kwa kuwa zinaonekana kutibu kila kitu, ndiyo maana zinaficha kila kitu. Mwasho ukikunyima usingizi, cetirizine 10 mg jioni inatosha. Siku tano hadi kumi madoa yatakuwa yametulia. Uume ukivimba ngozi isirudi nyuma, au mkojo ukawa mgumu kupita, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Na sasa sehemu ninayoomba uisome mara mbili. Madoa mdomoni na sehemu za siri yanafanana kwa mbali na mwanzo wa ule upele mbaya wa Stevens na Johnson, na ni lazima ujue tofauti. Wako: madoa machache, ya duara, yanayohesabika, hakuna homa, macho ni mazima, na yanarudi mahali pamoja ndani ya saa chache. Ule mwingine huja kati ya siku 4 na 28 tangu mtu aanze dawa mpya. Huanza kama mafua makali: homa, koo, macho kuwaka, mwili kuchoka. Kisha ngozi inaanza kuuma kabla ya kuwasha, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: upele wa kawaida wa dawa unawasha, ule mbaya unauma. Madoa yanakuwa mengi, ya zambarau au meusi katikati, kifuani na usoni. Vidonda vinatoka mdomoni, machoni na sehemu za siri kwa wakati mmoja. Ukisugua ngozi kwa kidole inateleza na kuchubuka. Mtu huyo anatakiwa hospitali usiku huohuo, na kila dawa isiyo ya lazima isimamishwe palepale. Kila siku inayopita akiendelea kumeza inaongeza hatari ya kifo. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako katika hatari kubwa zaidi, na dawa inayoongoza kwao mara nyingi si ya maumivu bali Septrin au nevirapine, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi hivyo.

Hali nyingine ya dharura huja kwa kasi: dakika chache hadi saa moja au mbili baada ya kidonge, mabaka yaliyovimba yanatapakaa na kuhama, midomo na kope zinajaa, sauti inakwaruza, kifua kinabana. Huo ndio mzio wa papo kwa papo, na dawa yake ya kwanza si hydrocortisone ya mshipa wala Piriton ya sindano. Ni adrenalini 0.5 mg kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja upande wa nje, na inarudiwa baada ya dakika tano akiwa hajapata nafuu. Anayevimba hivyo kwa diclofenac, tofauti na wewe, mara nyingi atavimba pia kwa ibuprofen, aspirin na naproxen, kwa kuwa kwake tatizo ni kazi inayofanywa na jamii nzima ya dawa hizi: zinazuia kimeng'enya cha COX-1, kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo ndizo breki, zinapungua, na kemikali nyingine za uvimbe zinabaki bila breki. Kwake kubadilisha ukoo hakusaidii.

Katika ngozi nyeusi, usisubiri "wekundu" unaoandikwa kwenye vikaratasi vya dawa. Kwetu hujitokeza kama zambarau, kijivu au weusi uliokoza. Pitisha vidole, vipele husikika kabla ya kuonekana. Tazama viganja, nyayo, ndani ya midomo na weupe wa macho. Piga picha karibu na dirisha mchana, si kwa taa ya simu, na uweke kitu kama sarafu pembeni ya doa ili ukubwa uonekane. Picha ya doa likiwa limeamka ina thamani kubwa kliniki, maana siku utakapofika huenda limeshalala.

Na tahadhari moja kwa yeyote anayesoma: homa, maumivu ya mwili na vipele kwa pamoja huenda si dawa kabisa. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na wengi hutuliza maumivu yake kwa diclofenac au Brufen, dawa zinazoongeza hatari ya kutokwa damu. Bonyeza vipele kwa glasi angavu. Visipofifia chini ya glasi, pengine ni damu iliyovuja, na hapo ni hospitali.

Mgongo wako hauwezi kungoja haya yote, najua. Kama umewahi kumeza paracetamol tupu tangu madoa yaanze na hayakuamka, tumia vidonge viwili vya 500 mg kila baada ya saa 6 hadi 8, jumla visizidi vinane kwa saa 24, na pungufu ya hapo kama una ugonjwa wa ini, unakunywa pombe kila siku au uzito wako ni chini ya kilo 50. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20 mgongoni jioni, inasaidia kuliko inavyodhaniwa. Usilale kitandani kutwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ubebwe na wawili. Lakini maumivu ya tangu mwaka juzi yanastahili kupimwa: fiziotherapia inaweza kukupunguzia vidonge kabisa. Na ukipata ganzi kati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu, au mkojo na choo kushindikana kuzuilika, hiyo ni dharura.

Daktari akishathibitisha, weka karatasi hii kwenye pochi na picha yake kwenye simu:

"SIPEWI DICLOFENAC NA ACECLOFENAC kwa njia yoyote: kidonge, sindano, jeli, matone ya macho. Hutoa madoa yenye malengelenge mdomoni, mkono wa kushoto na sehemu za siri ndani ya saa chache. Paracetamol: (salama / haijathibitishwa)."

Dukani usiseme tu "nina aleji". Taja jina, na omba kuona karatasi nzima ya vidonge kabla haijakatwa. Madhara kama yako huripotiwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Tanzania, na kwa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu. Mfamasia anaweza kukujazia fomu, nawe unaweza kuripoti mwenyewe. Kwa walio kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha tiba ya ngozi kwa ukanda wetu tangu 1992, na kwingineko omba rufaa ya kliniki ya ngozi hospitali ya mkoa.

Limebaki la nyumbani. Sindano ulizochomwa bila kipimo zimekuachia tuhuma bila jibu, basi kapime: kaswende na virusi vya UKIMWI, wewe na mke wako, siku moja. Sikwambii hivyo kwa kukushuku. Virusi hivyo huongeza madhara ya dawa kwenye ngozi, kwa hiyo daktari wako anahitaji majibu hayo, na nyote wawili mnahitaji kutoka kwenye dhana. Mwambie mhudumu kwamba ulishachomwa sindano za kaswende, kwa sababu kuna kipimo cha haraka kinachobaki chanya maisha yote kwa aliyewahi kuugua, hata akiwa amepona. Kisha mke wako aingie nawe kwa daktari wa ngozi na picha zote tatu zikiwa kwenye simu. Aone mwenyewe saa zilizoandikwa juu ya picha: doa la mkononi na la uumeni yanaamka mchana mmoja, yanapoa pamoja, na katikati yake kuna kidonge cha asubuhi.